Mrija wa Gidudu

Tangu nishuke basi hapa Mwanza na begi moja badala ya mawili, watu wananisalimia kwa sauti ya msibani. Mwanafunzi wangu mmoja wa udereva alinitazama kwa huruma mpaka akasahau kukanyaga klachi, gari likazimika katikati ya mzunguko. Jirani ameniletea ugali na dagaa kwenye bakuli lililofunikwa, kana kwamba mwanaume asiye na mke nyumbani hana hata sufuria. Kwa hiyo naandika mara moja kwa wote mnaouliza. Mke wangu Mutonyi amebaki kwao Mbale. Hajanikimbia. Ila wale mnaonong'ona kwamba kuna mwanaume katika habari hii hamjakosea, na nitamtaja kwa jina.

Mwanza hadi Jinja

Habari za tiketi na mihuri naziruka. Mtu akitaka kwenda, aje ofisini nimweleze kwa utulivu, si safari ngumu na haihitaji utajiri. Sisi tulikwenda na fedha za kuungaunga, tukala vibandani na kulala nyumba za wageni zisizo na nyota hata moja, na hatukupungukiwa kitu.

Nianze na jambo ambalo wengi hamlijui. Katika miaka miwili ya ndoa yetu nimeishi na mshindani mkubwa kuliko mwanaume yeyote: nchi ya Uganda. Nikileta nanasi, Mutonyi analionja na kusema, "Ni zuri, lakini." Mvua ikinyesha Mwanza, anaitazama kama mtu anayemwangalia fundi mwanafunzi. Matoke yetu magumu, vumbi letu jingi, chapati zetu ndogo. Alikuja Mwanza kushona kwa mama yake mdogo, tukaoana hapa hapa, na hakuwahi kurudi kwao tena. Baba yake, aliyekuwa askari magereza, alifariki kabla sijamfahamu Mutonyi. Nilipokubali safari hii nilijiambia nakwenda kuonana na mshindani wangu uso kwa uso.

Tulipovuka Busia tu, mke wangu alibadilika. Akawa anaongea haraka zaidi na kucheka kabla ya mtu kumaliza sentensi. Simu yake ikaanza kuita. Aliipokea kwa Lumasaba, lugha ya kwao, ambayo mimi najua salamu yake moja tu: mulembe. Jina nililolisikia mara nyingi ndani ya maneno hayo lilikuwa Gidudu.

"Gidudu ni nani?" nikauliza.

"Tulikulia pamoja kwenye nyumba za askari. Sasa na yeye ni askari magereza. Anauliza tumefika wapi."

Baada ya Bugiri basi likasimama. Lori la miwa lilikuwa limelala ubavu barabarani, magari yamejipanga huku na huku. Ukikutana na jambo kama hilo usikasirike, shuka, maana ndipo safari inapokuwa tamu. Abiria wote walishuka na kuanza kuchukua miwa, naye dereva wa lori, ambaye hakuumia, akawa anawaonyesha iliyo laini. Mutonyi alikaa juu ya jiwe, akamenya muwa kwa meno kama mtu anayefungua barua, akauvunja vipande. Kipande cha kwanza alimpa mzee wa Kisoga, mwenyeji wa pale, ambaye hata hatukumjua. Cha pili akampa mtoto wa abiria mwenzetu, cha tatu mzazi wake. Mimi nilipata cha nne.

"Umenuna," akasema.

"Sijanuna. Nahesabu."

"Nyumbani huwa nakupa wewe kwanza kwa sababu hakuna mtu mwingine," akasema, na yule mzee, ambaye kumbe alielewa Kiswahili, akacheka mpaka akapaliwa na muwa.

Wanyange, kando ya ziwa

Jinja hatukulala mjini. Tulipata chumba Wanyange, upande wa mashariki, karibu na ziwa. Ni ziwa lile lile letu, lakini Mutonyi alilitazama kana kwamba la kule limechujwa.

Jioni ile nilimwendea mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki mbele ya duka la bati. Nikamsalimia kama ninavyomsalimia mama yeyote hapa kwetu: "Shikamoo mama, habari za kazi. Naomba uniambie hawa sato unawauzaje."

Yule mama alisimama wima. Akafuta mikono kwenye kanga, akasogeza beseni nyuma ya miguu yake.

"Afande," akasema, "mimi hapana taka shida. Hii samaki iko kubwa yote. Hapana dogo hata moja."

"Mama, mimi si afande."

"Ndiyo, afande."

Kadiri nilivyomweleza kwa upole na kwa Kiswahili kilichonyooka, ndivyo alivyozidi kuogopa. Mwishowe akanifungia sato mkubwa kuliko wote kwenye gazeti na kukataa malipo. Mutonyi alikuja akiwa anashikilia mbavu. Akaongea naye kwa Luganda, yule mama akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akaanza kucheka yeye pia.

"Huku Kiswahili kilikuja na askari," Mutonyi akaniambia tukiwa tumekaa kula. "Wazee wanakumbuka mambo yao. Ukikisema vizuri hivyo, wanadhani umetumwa kukagua samaki wachanga."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Kwamba unafundisha watu kuendesha magari, na kwamba tulipopanda bodaboda ulifumba macho."

Mwenye samaki akalipwa, tukawa marafiki, na kesho yake akaniita "mwalimu" kutoka ng'ambo ya barabara. Nawashauri mtakaokwenda: anza na salamu ya wenyeji. Pale wanasema kodheyo. Hata ukiitamka vibaya, watu wanalegea.

Mtaniuliza kama tuliona mahali Nile inapoanza. Tuliona. Maji yanaondoka ziwani taratibu, kama mtu anayetoka kikaoni bila kuaga. Ningependa kusema nilifurahi, lakini simu ilikuwa imeita tena tukiwa kwenye mtumbwi, na mke wangu aliongea na Gidudu tangu tulipoacha ukingo mpaka tuliporudi. Nile nimeiona kwa pembe ya jicho.

Usiku huo kabla ya kulala nilimuuliza moja kwa moja wanaongea nini, naye akanijibu moja kwa moja. Baba yake alimwachia chumba cha biashara mtaa wa Malukhu, mjini Mbale. Mpangaji alikuwa ametoka. Gidudu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Shangazi wa Mutonyi, dada ya baba yake, alikuwa anataka afungue hapo duka la ushonaji.

"Na wewe unataka?" nikauliza.

"Sijui. Sijakiona tangu niondoke."

Alilala mara moja. Mimi nilibaki natazama neti. Sasa mnajua nililokuwa nalo moyoni tulipoondoka Jinja: niliogopa kwamba nampeleka mke wangu kwao, na kwamba yuko mtu mlangoni anamngoja na ufunguo.

Jinja hadi Mbale

Tulipitia Iganga, kisha barabara ya Tirinyi. Gari lilituharibikia kwenye mabonde ya mpunga, feni ya injini iligoma. Nilishuka kumsaidia dereva, na nakiri nilifurahi kupata kitu ninachokijua. Wakati tunasubiri mkanda mpya utoke Iganga, wakulima walituuzia viazi vitamu vya kuchemsha na karanga zilizosagwa, na mwanamke mmoja akatandika mkeka ili Mutonyi akae. Kila mtu alimpenda mara moja. Hilo lingemfurahisha mume yeyote mwenye akili timamu.

Halafu mlima ukaonekana. Wanale ni ukuta wa mawe na miti nyuma ya mji wa Mbale, na siku ya mvua unaona maporomoko ya maji yakining'inia kama nyuzi nyeupe. Mutonyi aliinua macho. Nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu, lakini macho yake yalibaki kule juu.

Gidudu alikuwa anatusubiri stendi. Nilitarajia mtu wa aina fulani, nadhani mnaelewa, na bahati mbaya alikuwa wa aina hiyo hiyo: mrefu, mpole, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa kama vya gwaride. Alichukua mabegi yote mawili.

"Karibu Mbale, shemeji. Sisi nangoja nyinyi tangu asubui. Njia ilikuwa mubaya?"

"Ilikuwa nzuri tu," nikasema, ingawa mikono yangu ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko.

Alitoa kitambaa cheupe mfukoni akanipa nijifute. Nilikataa. Baadaye nilijifuta kwenye suruali yangu mwenyewe.

Wanale, kwenye chungu cha Shangazi

Hapa ndipo panapohitaji maelezo, naomba mnivumilie.

Shangazi anaishi Wanale, chini ya ule ukuta wa mlima, kati ya migomba na kahawa. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na anatengeneza pombe ya ulezi, ile wanayoiita malwa. Siku ya pili alitualika mchana. Kwanza tulikula malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, na matoke yaliyofunikwa kwa majani. Nilikula sana. Nilitaka kupata kasoro nikakosa.

Kisha tukaenda kwenye banda la nyuma. Chungu kinakaa katikati, watu wanakizunguka kwenye viti vidogo. Ulezi uliochachuka umo ndani, maji ya moto yanaongezwa kila mara, na kila mtu ananyonya kwa mrija wake. Ni mrija mrefu kuliko mkono, mwishoni una kichujio kilichosukwa ili usimeze makapi. Kila mwanachama wa chungu ana mrija wake na kiti chake, na akisafiri vinabaki vinamsubiri. Shangazi alinipa mrija wa wageni.

"Mkwe, mkono wa kuume," akasema. "Hapana puliza. Hapana ruka mirija ya watu. Hapana chungulia ndani ya chungu."

"Na nikikosea?"

"Mgeni nakosea. Sisi nacheka."

Nilijitahidi. Malwa ni ya uvuguvugu, ina uchachu kidogo, inashuka polepole mpaka unasahau kwamba ni pombe. Mutonyi alikaa kulia kwangu. Kulia kwake alikaa Gidudu. Wazee wa pale walikuwa wanasimulia habari za marehemu baba yake, Gidudu akawa anawakumbusha wanaposahau, na Mutonyi alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Nilijua habari za baba mkwe wangu kwa kusimuliwa. Yule jamaa alizijua kwa kuishi nazo. Kila walipocheka, nilivuta mrija wangu ili uso wangu uwe na kazi.

Shangazi akamwita Mutonyi amsaidie kutoa birika jikoni. Mtu akiinuka pale hauachi mrija wake ukielea, anampa jirani aushike mpaka arudi. Mutonyi alinitazama mimi, akamtazama Gidudu, akampa Gidudu.

Najua kuna wanaume kati yenu ambao wangetulia. Mimi nilinyoosha mkono nikauchukua ule mrija kutoka mkononi mwa Gidudu.

"Nipe mimi," nikasema. "Ni mke wangu."

Mzee mmoja akatoa mrija wake mdomoni. Mwingine akauchomoa kabisa kwenye chungu, akausimamisha kati ya magoti yake. Mmoja baada ya mwingine, wote wakaacha kunywa. Shangazi, Mutonyi akiwa nyuma yake, alifika mlangoni na birika, akaona, akaenda moja kwa moja akafunika chungu kwa ungo.

"Nimefanya nini?" nikauliza.

Mzee wa kwanza akasema kwa sauti ya chini, lakini kwa Kiswahili, ili nisikie: "Huyu mtu nasema Gidudu naweka kitu kwa mrija."

Ndipo Mutonyi akanieleza, akiwa amesimama, bila kunitazama. Watu wanaokunywa chungu kimoja wanaaminiana roho zao. Mrija wa mtu ukishikiliwa na jirani, hakuna anayeugusa mpaka mwenyewe arudi. Kuupokonya ni kusema mbele ya wote kwamba aliyeushika ana sumu. Mimi nilidhani nimesema jambo la ndoa, kumbe nimemwita mwenzangu muuaji. Na mgeni hapewi mrija wa mtu kushika mpaka amalize chungu chake cha kwanza, ndiyo maana hakunipa mimi.

Gidudu alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na mikono ameiweka nyuma kama askari anayesubiri kusomewa mashitaka.

"Shemeji," akasema, "hii neno ikitoka hapa, hakuna chungu Mbale nzima itaniketisha. Mimi nafanya kazi na wafungwa. Watu nasema nini?"

"Sikumaanisha hivyo, bwana. Nilikuwa na wivu tu."

Nilisema hivyo mbele ya wazee tisa, au kumi, sikuwa na hali ya kuhesabu. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri, kwa sababu lile jingine lilikuwa baya zaidi.

Shangazi akaweka birika chini. "Wivu," akasema. Akawatafsiria wale ambao hawakuelewa. Mabega kadhaa yakaanza kutikisika. "Basi wewe nakunywa kwa mrija yake. Ya Gidudu. Mbele ya watu. Mpaka yeye mwenyewe nasema basi."

Akaondoa ungo, akamimina maji ya moto. Gidudu akanipa mrija wake kwa mikono miwili. Ncha ya mrija ilikuwa imelowa bado. Jamani, mimi nina kinyaa hata cha kijiko cha ndugu yangu. Niliinama nikanywa. Ilikuwa ya moto. Nikamtazama kwa juu, amekunja mikono.

"Kunywa, bwana. Mimi hapana haraka."

Nikanywa.

"Wazee, mnaona anakunywa?" akawauliza.

"Sisi huku nyuma hapana ona vizuri," mzee mmoja akajibu. "Aendelee."

Aliniacha mpaka macho yakanitoka, ndipo akasema basi. Wote wakarudisha mirija ndani na kuanza kunywa kwa fujo, wakicheka, na mzee wa kwanza akanipiga mgongoni. Kwao lilikwisha pale. Mutonyi hakuwa amecheka hata kidogo.

Tulirudi mjini kwa miguu, tukiteremka kati ya migomba. Alitembea mbele.

"Alinichumbia," akasema, akiwa bado amenipa mgongo. "Hilo ndilo ulilotaka kujua tangu Busia. Baba alikubali. Mimi nikakataa, nikaja Mwanza. Wewe ulikuwa hujanijua hata jina."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungefanya uliyoyafanya leo, ila ungeyafanyia nyumbani, kila siku."

Nikasema neno lililo baya kuliko yote: "Kwa hiyo nilimshinda."

Alisimama akageuka. "Hukumshinda mtu, Masanja. Hamkuwa mnashindana. Nilimkataa kwa sababu sikumtaka, na wewe nilikukubali kwa sababu nilikutaka. Ni mambo mawili mbalimbali."

Nimefundisha watu wengi kugeuza gari mahali pembamba. Sijawahi kufundishwa jambo kwa ufupi namna ile.

Malukhu

Asubuhi Gidudu alituletea ufunguo, akaukabidhi kwa Mutonyi, akaenda kazini. Hakuingia. Chumba kilikuwa kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Ndani mlikuwa na vumbi, meza ya kukatia nguo, na dirisha linaloutazama mlima. Mutonyi alifungua dirisha, akapitisha kiganja juu ya ile meza, akaanza kupima ukuta kwa hatua zake. Nilimwona akipanga cherehani ambazo hazipo.

Kinyozi alichungulia. "Wewe ni binti ya afande? Sisi hapa natafuta mtu ya kushona uniform ya shule."

"Nimesikia," Mutonyi akajibu.

Kinyozi alipoondoka, Mutonyi akakaa juu ya meza. "Nataka kubaki," akasema. "Si daima. Mpaka nipake rangi, nipate msichana wa kumfundisha akae hapa, nijue kama kinaweza kujiendesha. Mwezi, labda zaidi. Kisha nije nyumbani."

Kazi yangu ilikuwa inaningoja Jumatatu. Nilijua nani angembebea rangi, nani angemletea fundi wa bati, nani angekuwa anapita jioni kuuliza kama yuko salama.

"Nikikataa?" nikauliza.

"Sikuombi ruhusa. Nakuuliza kama utakuwa sawa."

Nilifikiri kumdanganya. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari, ya mume mwenye moyo mkubwa. Lakini nilikuwa nimechoka kuweka mrija mdomoni ili uso uwe na kazi.

"Sitakuwa sawa," nikasema. "Baki."

Mutonyi akashuka mezani, akanikabidhi ufagio, na mpaka mchana tulikuwa tunafagia.

Kurudi

Mutonyi na Gidudu walinisindikiza stendi. Shangazi alinitumia malewa makavu, ambayo yamo jikoni kwangu na sijui kuyapika. Gidudu aliniwekea begi langu juu ya gari, akaliangalia mara mbili kama limefungwa vizuri. Tulipeana mikono. Bado ni mrefu, na bado simpendi kama ninavyopaswa kumpenda.

Nilipita Tororo, nikavuka Busia, na upande wa Kenya simu yangu ikaita. Ilikuwa Mutonyi. Aliniambia wameanza kukwangua rangi ya zamani, kwamba chini ya ile ya bluu kuna ya kijani ambayo baba yake aliipaka mwenyewe, na kwamba ataiacha sehemu kidogo karibu na dirisha. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mwanaume anacheka.

"Nani anacheka?" nikauliza.

"Gidudu. Ameanguka kwenye ngazi."

Abiria wa kando yangu alikuwa ananipa karanga. Nilichukua chache. Wivu ulinishika vile vile kama siku ile ya miwa, kama siku ya mtumbwi, hakuna kilichopungua.

"Ameumia?"

"Hapana, amemwagikiwa na rangi mpya tu."

"Msalimie," nikasema, na sikuuliza swali la pili.